Viza zimebanwa: mwongozo kwa ofisi za udahili zisizotaka kuwapoteza waombaji wa nje

Mwombaji anapata barua ya udahili mwezi Machi. Analipa amana Mei, anaomba viza mwishoni mwa Julai, na Septemba masomo yanaanza yeye akiwa bado nyumbani, hajui kama amekataliwa au amesahauliwa. Chuoni wanahesabu kiti kitupu; nyumbani familia inahesabu fedha iliyokwisha tumika.

Ofisi nyingi zinapoona idadi ya wanaofika imepungua, hukimbilia kuongeza matangazo, maonyesho na punguzo la ada. Hapo zinatibu pasipouma. Waombaji wapo, na wengi wao wanapotea kati ya siku ya kupewa nafasi na siku ya kupanda ndege. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye kipindi hicho: nini kisemwe, lini, na nani, ili mwombaji anayestahili asikwame kwa jambo ambalo chuo kingeweza kumwambia mapema.

Jua mlango wa nchi yako umebanwa wapi

Kabla ya kuandika ujumbe hata mmoja, weka mezani ukurasa mmoja wenye masharti ya sasa, tarehe ya mwisho ya kuyahakiki, na jina la mtumishi anayewajibika kuyahakiki kila Jumatatu. Masharti haya hubadilika katikati ya msimu, na kipeperushi cha mwaka jana ni mtego.

Uingereza. Tangu Januari 2024, anayekuja kusoma shahada ya uzamili kwa njia ya madarasa haruhusiwi kuja na mwenzi wala watoto. Ruhusa imebaki hasa kwa wanaofanya shahada za utafiti. Ruhusa ya kubaki na kufanya kazi baada ya kuhitimu, ambayo kwa wengi ilikuwa miaka 2, itakuwa miezi 18 kwa watakaoiomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027; wenye PhD wanabaki na miaka 3. Na chuo chenyewe kinapimwa. Ili kisipoteze leseni ya kudhamini wanafunzi wa nje, kimetakiwa kuwa na kiwango cha viza zilizokataliwa kisichofika asilimia 10, waliosajiliwa wasiopungua asilimia 90, na wanaomaliza kozi wasiopungua asilimia 85. Waraka wa sera wa Mei 2025 ulitangaza kukaza kila kipimo kwa pointi 5. Fanya hesabu: wakikataliwa 6 kati ya 100, jana ulikuwa salama, kwa kipimo kipya uko matatani.

Marekani. Ngome kuu ni kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji, kinachomchukulia kila mwombaji kuwa anataka kuhamia moja kwa moja mpaka athibitishe vinginevyo. Juu yake yameongezwa mengine. Tarehe 27 Mei 2025 balozi ziliagizwa zisitoe miadi mipya ya mahojiano ya wanafunzi. Miadi ilirejea Juni 18, pamoja na ukaguzi wa mitandao ya kijamii na agizo kwamba akaunti za mwombaji ziwekwe wazi kwa kila mtu. Tangu Septemba 6 mwaka huohuo, mwombaji anatakiwa kuhojiwa katika nchi ya uraia wake au anakoishi kisheria, kwa hiyo ile njia ya kwenda nchi jirani yenye foleni fupi imefungwa. Kisha kuna marufuku za kuingia: tangazo la Juni 2025 lilizigusa nchi 19, zikiwemo Somalia na Burundi, na lile la Desemba 2025 liliongeza nyingine, ikiwemo Tanzania, ambayo viza zake za wanafunzi za aina ya F, M na J zimesimamishwa tangu Januari 1, 2026.

Kanada. Tangu Januari 2024 kuna ukomo wa idadi ya vibali vya masomo. Kwa mwaka 2025 ulikuwa vibali 437,000. Mwombaji wa shahada ya kwanza anahitaji barua ya uthibitisho ya jimbo, maarufu kwa ufupisho PAL, na barua hizo zina mgawo. Wa uzamili na uzamivu katika vyuo vya umma wamesamehewa barua hiyo tangu Januari 1, 2026. Njia ya haraka iliyoitwa SDS ilifutwa Novemba 8, 2024. Kuanzia Septemba 1, 2025, anayekuja peke yake katika jimbo lolote isipokuwa Quebec lazima aonyeshe dola za Kanada 22,895 za kujikimu, mbali na ada na nauli.

Australia. Ada ya kuomba viza ilipanda kutoka dola za Australia 710 hadi 1,600 Julai 2024, kisha 2,000 Julai 2025, na anayekataliwa harudishiwi. Fedha ya kujikimu kwa mwaka ni 29,710 tangu Mei 2024. Sharti la mwanafunzi wa kweli, lililoanza Machi 23, 2024, linamtaka mwombaji ajibu maswali kadhaa kwa maneno yasiyozidi 150 kila moja. Kila chuo kina mgawo wake ndani ya lengo la taifa, ambalo kwa 2026 ni wanafunzi wapya 295,000. Chuo kinapokaribia kujaza mgawo, maombi ya wanafunzi wake husogezwa nyuma kwenye foleni. Kwa chuo cha namna hiyo, anayewahi Oktoba na anayekuja Januari hawamo kwenye foleni moja, na ni haki yao kuambiwa hivyo.

Panga kalenda kwa kuanzia mwisho

Kosa kubwa kuliko yote ni kuweka tarehe za udahili kwa kufuata mikutano ya kamati, halafu kumwachia mwombaji muda wowote uliosalia. Anza na siku ya mwisho anayoruhusiwa kuchelewa kufika darasani, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Kwa kozi ya Uingereza inayoanza wiki ya mwisho ya Septemba, hesabu huwa hivi:

- Katikati ya Septemba: kufika na kusajiliwa.
- Wiki 3 za uamuzi wa viza, ambao ndio muda wa kawaida, pamoja na wiki 3 za akiba. Maombi yawe yamewasilishwa ifikapo mwishoni mwa Julai.
- CAS, ile namba ya uthibitisho wa kukubaliwa, iwe mkononi wiki 2 kabla ya hapo. Mwombaji aliye nje ya Uingereza anaweza kuomba viza mapema hadi miezi 6 kabla ya kozi kuanza, kwa hiyo kuitoa Agosti ni kujitafutia msongamano bure.
- Siku 28 mfululizo za fedha ya ada na kujikimu kukaa benki. Hesabu ya siku hizo ianze Juni mwanzoni.
- Cheti cha kipimo cha kifua kikuu kwa wanaotoka nchi zilizoorodheshwa. Hudumu miezi 6, kwa hiyo Juni ni mwezi mzuri.
- Mahojiano ya ndani ya chuo na amana: Mei.
- Ofa: isizidi mwisho wa Aprili.

Ni takribani wiki 20. Anayepata ofa Julai hakatazwi kujaribu, lakini aambiwe palepale kwamba nafasi ya kuwahi ni ndogo na apewe muhula wa Januari kama chaguo, akiwa bado hajalipa.

Marekani hesabu ni tofauti. Viza ya F-1, ile ya wanafunzi, inaweza kutolewa hadi siku 365 kabla ya masomo kuanza, ingawa kuingia nchini hakuruhusiwi mapema zaidi ya siku 30. Kinachokwamisha ni miadi ya mahojiano. Fomu I-20, ambayo chuo humpa mwombaji kuthibitisha udahili wake, itolewe mara tu fedha zinapothibitishwa, na ujumbe unaoibeba useme jambo moja tu, kushika miadi: lipa dola 350 za SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa nje), jaza fomu ya maombi ya viza DS-160, lipa dola 185 za viza, shika miadi wiki hii hata kama tarehe ni ya mbali, kisha tazama kila siku kama imepatikana ya karibu. Ofisi zinazotuma I-20 ikiwa imefunikwa na kurasa nane za mapokezi na picha za bustani ndizo zinazoshangaa mwezi Juni mbona nusu ya wanafunzi hawajashika miadi.

Uliza mambo sahihi kwenye fomu ya kwanza

Fomu nyingi zinauliza uraia na kuishia hapo. Ongeza maswali haya, na ueleze kwa sentensi moja kwa nini unauliza:

1. Utasafiri kwa pasipoti ya nchi gani, na inaisha lini? Marufuku ya Marekani ya Juni 2025, kwa mfano, haikumhusu mwenye uraia pacha anayesafiri kwa pasipoti ya nchi isiyotajwa.
2. Unaishi nchi gani kisheria sasa? Hili ndilo linaloamua atahojiwa wapi.
3. Umewahi kunyimwa viza ya nchi yoyote? Lini, na sababu iliyoandikwa ni ipi?
4. Nani atalipa, na fedha ziko kwenye akaunti ya nani?
5. Je, una mwenzi au watoto unaotaka kusafiri nao?
6. Kama kuna miaka iliyopita bila masomo, ulikuwa ukifanya nini?

Swali la 3 linaogopwa pande zote mbili. Mwombaji anahofia kukataliwa na chuo, kwa hiyo anaficha, na uongo huo ukigundulika na ofisa wa viza unageuka kuwa kosa zito kuliko lile la kwanza. Andika wazi chini ya swali: kunyimwa viza zamani hakukuondolei nafasi ya udahili, kuficha kunaweza.

Kwa majibu hayo, wapange waombaji katika makundi matatu. Wa kwanza njia yao iko wazi, wanahitaji kukumbushwa tarehe tu. Wa pili wana jambo la kurekebisha, labda akaunti ya mjomba, pengo la miaka minne, au pasipoti inayoisha. Wa tatu wamefungiwa kabisa na sheria ya sasa. Muda wa watumishi uende kwa kundi la pili, maana hapo simu moja ya dakika 20 inaokoa viza. La tatu linahitaji ukweli na njia mbadala, si ahadi.

Usipange kwa uraia pekee. Vyuo vingine, vikiogopa vipimo vya leseni, vimeamua kutopokea kabisa waombaji wa nchi fulani. Ni rahisi kutekeleza, lakini ni uamuzi wa kivivu: mwombaji mwenye fedha safi na sababu thabiti anatupwa pamoja na mwenye karatasi za kughushi, na ukihitaji kurudi katika nchi hiyo baadaye, walimu na wazazi hawajasahau.

Nani azungumze, na asivuke mpaka upi

Uingereza, kutoa ushauri wa uhamiaji kunasimamiwa na sheria ya mwaka 1999. Kanada, ni mawakili na washauri wenye leseni tu wanaoruhusiwa kumshauri mtu kuhusu kesi yake ya uhamiaji kwa malipo. Australia kuna mawakala wa uhamiaji waliosajiliwa. Maana yake ni kwamba mtumishi wa masoko, au mwanafunzi balozi anayejibu maswali kwenye WhatsApp, hana kibali cha kumwambia mwombaji "wewe utapata".

Gawa kazi hivi. Wanafunzi waliopo wajibu kuhusu maisha: chumba, baridi, kazi za muda, ladha ya chakula cha bwalo. Watumishi wa udahili wajibu kuhusu tarehe, nyaraka za chuo na fedha. Maswali ya "je, hali yangu..." yaende kwa mtu mmoja au wawili wenye sifa, na wapewe kisanduku chao cha barua pepe. Andika mpaka huo kwenye karatasi ya nusu ukurasa, kila mwanafunzi balozi aisaini. Sentensi ya kupitisha swali iwe tayari: "Hilo linategemea hali yako binafsi, na sina ruhusa ya kulijibu. Nimempelekea mshauri wetu wa viza, atakujibu kabla ya kesho saa kumi jioni." Kisha ajibu kweli kabla ya saa kumi.

Kuhusu kasi: saa 24 za siku za kazi kwa swali la kawaida, saa 4 kwa mtu mwenye mahojiano ndani ya siku 3. Tafuta pia mtumishi anayeamka mapema au kulala kwa kuchelewa ili kugusa saa za kazi za nchi waliko waombaji. Jibu linalofika ofisi zao zikiwa zimefungwa ni siku nzima imepotea.

Nini kisemwe, na lini

Sera mpya inapotangazwa, ujumbe wa kwanza utoke ndani ya saa 48, hata kama hujui yote. Ukinyamaza, makundi ya mitandaoni yatajaza pengo kwa uvumi, na uvumi hauna haya. Ujumbe uwe na sehemu nne fupi: kilichobadilika, kinachomhusu mpokeaji, anachotakiwa kufanya sasa, na siku utakayomwandikia tena. Mfano:

"Habari Neema. Leo serikali imetangaza kusimamisha miadi mipya ya mahojiano ya viza za wanafunzi. Wewe tayari una miadi ya tarehe 12, na tangazo halijasema imefutwa. Usiifute wala kuibadilisha. Nafasi yako na amana yako viko salama hadi Januari. Nitakuandikia tena Ijumaa hata kama hakuna jipya."

Hiyo sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Mwombaji anaweza kuvumilia habari mbaya. Kimya ndicho kinachomfanya akubali ofa ya chuo kingine.

Katika msimu wa kawaida, wiki moja baada ya ofa tuma orodha ya nyaraka iliyotengenezwa kwa nchi yake. Amana ikiingia, piga simu. Siku 10 kabla ya zile siku za fedha kukaa benki kuanza, kumbusha. Siku 3 kabla ya mahojiano, ujumbe mfupi. Siku 1 baada ya mahojiano, uliza imekuwaje. Kila ujumbe ubebe tendo moja. Wenye matendo matano husomwa juujuu na kuahirishwa.

Wazazi na walezi wasisahaulike, kwani ndio wanaofungua pochi. Kikao cha mtandaoni cha dakika 45 jioni ya Jumamosi kwa saa zao, dakika 15 za maelezo na 30 za maswali, huzaa zaidi ya kikao cha saa mbili cha Jumatano mchana. Kirekodiwe, kikatwe vipande vya dakika 3, na kila kipande kijibu swali moja. Hakikisha vinafunguka kwa simu yenye intaneti hafifu.

Fedha: panapoharibika mara nyingi

Hapa ndipo ukaguzi wa chuo unapolipa. Kwa Uingereza, kanuni ni kavu: kiasi kamili kikae siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isizidi siku 31 kabla ya kuwasilisha maombi. Tangu Novemba 11, 2025, kiwango cha kujikimu ni pauni 1,529 kwa mwezi London na 1,171 nje ya London, kwa miezi isiyozidi 9. Kwa hiyo mtu wa Manchester mwenye kozi ya mwaka anahitaji 10,539 pamoja na ada iliyobaki. Akaunti ikishuka hadi 10,500 siku ya 19 kwa sababu ya makato ya benki au kuyumba kwa thamani ya fedha, hesabu ya siku 28 inaanza upya. Mshauri aongeze kama asilimia 5 ya akiba juu ya kiwango.

Makosa mengine, kwa mpangilio wa jinsi yanavyoumiza:

Akaunti ya mtu asiyeruhusiwa. Uingereza inakubali akaunti ya mwombaji, mwenzi, mzazi au mlezi wa kisheria. Mjomba, dada mkubwa na mwajiri wa baba hawamo. Suluhisho ni kuhamishia fedha kwenye akaunti inayokubalika na kusubiri siku 28, ndiyo sababu swali la akaunti linaulizwa mwanzoni. Mzazi akitumika, kuwe na cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa.

Fedha iliyotua ghafla. Akaunti iliyokuwa na kiasi kidogo miezi mitano, kisha ikapokea mamilioni wiki moja kabla ya maombi, huzua shaka kwa ofisa wa Kanada, Marekani au Australia. Kama ni mauzo ya kiwanja au mkopo, hati ya mauzo au mkataba uambatane, na barua ya aya moja ieleze.

Tozo zilizosahauliwa. Uingereza wanafunzi hulipa tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, yote kwa mkupuo wakati wa kuomba. Kwa shahada ya miaka mitatu ni zaidi ya pauni 2,300 ambazo familia haikuzipanga. Toa jumla ya gharama zote za kabla ya safari katika jedwali moja la fedha ya nchi yao, si ada ya masomo peke yake.

Mahojiano bila kukaririshwa

Mahojiano ya ubalozi wa Marekani mara nyingi ni ya dakika chache, kwa kusimama dirishani. Ofisa anasikiliza kama mtu anajua anachokwenda kusoma, nani analipa, na kwa nini chuo hiki. Majibu ya kukariri yanajulikana mara moja, hasa yanapofanana kwa waombaji kumi wa wakala mmoja.

Fanya mazoezi ya dakika 15 kwa video. Uliza: taja masomo mawili ya kozi hii na useme yatakusaidia nini, kwa nini hukusomea nyumbani, mlipaji wako anafanya kazi gani na anapata kiasi gani, ulifanya nini tangu ulipohitimu. Usisahihishe maneno yake. Onyesha tu jibu lilipokuwa la jumla mno, mpe ukurasa wa kozi akausome, mrudie baada ya siku mbili. Mtu anayeshindwa kutaja hata somo moja la kozi yake hajawa tayari, na CAS au I-20 yake inaweza kusubiri.

Kuhusu ukaguzi wa mitandao: fomu ya DS-160 inauliza majina ya akaunti za miaka 5 iliyopita. Mwambie mwombaji aorodheshe zote, hata ile ya zamani asiyoitumia. Kuiacha nje kunaweza kuonekana kama kuficha. Kufuta machapisho kwa pupa usiku wa kuamkia mahojiano nako si busara. Ofisi isijitwike kazi ya kumkagua. Hilo ni la mwanasheria kama ana wasiwasi.

Amana, na siku viza inapokataliwa

Kanuni ya marejesho iandikwe kwa lugha ambayo mzazi anaielewa kwa kusoma mara moja, na iwe kwenye barua ya ofa, si kwenye kiambatisho cha kumi na moja. Australia sheria imeshaweka kiwango: viza ikikataliwa kabla ya kuanza masomo, chuo kinaruhusiwa kubakiza asilimia 5 ya malipo au dola 500, kidogo kati ya hivyo viwili. Hata pasipo sheria kama hiyo, huo ni mfano mzuri. Taja pia siku za kurejesha, tuseme 20 za kazi, na akaunti itakakorudi. Irudi ilikotoka, kurudisha kwa wakala kumezaa migogoro mingi.

Barua ya kukataliwa ikifika, iombe siku hiyohiyo. Isome na mwombaji. Sababu ya nyaraka, kwa mfano taarifa ya benki pungufu, hurekebishwa na maombi mapya yanaweza kuwahi muhula huohuo. Sababu ya kutoaminika inahitaji zaidi ya barua ya kusihi, maana kuomba tena kwa karatasi zilezile huzaa jibu lilelile. Kwa Marekani, tofautisha 214(b), ambayo ni kukataliwa, na 221(g), ambayo mara nyingi humaanisha kuna karatasi au uchunguzi unaosubiriwa. Wengi huvunjika moyo kwa hilo la pili na kuacha kufuatilia. Anayeomba tena viza ya aina ileile ndani ya miezi 12 halipi upya ile dola 350 ya SEVIS, mkumbushe.

Njia ya pembeni iwe na lami

Kuahirisha hadi muhula ujao ndiyo njia ya kawaida, lakini bainisha kama ufadhili na bei ya ada vinahama naye. Ukiacha hilo wazi, hatarudi.

Kuanza kwa mtandao akiwa nyumbani kunafaa baadhi ya kozi, ila kuna shimo: muda huo haumpi hadhi ya F-1, na Kanada masomo yaliyofanyika nje ya nchi hayaongezi urefu wa kibali cha kazi baada ya kuhitimu. Mwambie kabla hajabofya "kubali".

Wenye tawi nje wana bahati. Monash ya Australia ina kampasi Malaysia tangu 1998, Nottingham ya Uingereza iko Malaysia na Ningbo nchini China, Carnegie Mellon ya Marekani inafundisha Kigali shahada ya uzamili. Wasio na tawi wanaweza kuingia mkataba na chuo cha nchi ya mwombaji: mwaka mmoja au miwili huko, kisha kuhamisha alama. Mkataba huo huchukua miezi 12 hadi 18 kukamilika, kwa hiyo hausaidii msimu huu. Uanze sasa kwa ajili ya ule wa baadaye, na utaje somo kwa somo alama zipi zitapokelewa.

Mawakala

Kanada, baada ya kashfa ya barua bandia za udahili mwaka 2023, chuo hutakiwa kuthibitisha kila barua kwa serikali ndani ya siku 10, la sivyo maombi yanarudishwa. Mtumishi wa kazi hiyo awe na mbadala wake wakati wa likizo. Mwombaji asiye na kosa asirudishwe kwa sababu mtu alikwenda mapumziko.

Kamisheni ilipwe baada ya mwanafunzi kusajiliwa na kuvuka muhula wa kwanza, si baada ya kupata ofa. Kila mwezi toa orodha ya mawakala na idadi ya viza zilizokataliwa kwa kila mmoja. Anayezidi asilimia 10 aitwe na aeleze. Asipobadilika ndani ya msimu mmoja, mkataba usimame. Na kila mwombaji wa wakala apigiwe simu moja kwa moja na chuo angalau mara moja, kwa namba yake binafsi. Simu hizo huibua mambo ya ajabu: mtu asiyejua amedahiliwa kozi gani, barua pepe inayosomwa na wakala, ada "ya chuo" ambayo chuo hakijawahi kuitoza.

Namba za kutazama kila wiki

Idadi ya waliobofya tangazo haitakuambia kitu. Tazama siku kati ya ofa na CAS au I-20, siku kati ya hiyo na miadi, asilimia ya waliojibiwa ndani ya saa 24, na waliokataliwa kwa sababu iliyoandikwa. Safu ya sababu ijazwe na mtu aliyeisoma barua yenyewe, si kwa kubahatisha. Ukiona sababu moja imejirudia mara tatu ndani ya wiki, simamisha utoaji wa CAS au I-20 kwa wenye hali hiyo siku mbili, pitia nyaraka zao upya, rekebisha orodha unayowatumia, kisha endelea.

Na kila mwisho wa Septemba wapigie waliokosa kufika, wote, hata wasiojibu barua pepe. Uliza maswali matatu tu: ulikwama wapi, ulijua hilo lini, nani alikuambia. Jibu la swali la pili likiwa "nilipofika ubalozini", kalenda ya msimu ujao inaanzia hapo.